Je, babu yako yumo vitabuni?

Watu wa visiwa vya Lamu wameandikwa tangu kale, na leo kurasa hizo zafunguka hata kwenye simu ya mkononi. Lakini mtambo haumjui babu yako. Wewe ndiye utakayeujulisha.

Msomaji mpenzi, kabla chai ya jioni haijapoa, chukua kalamu na karatasi ufanye zoezi dogo. Andika jina la baba na jina la mama. Hao ni wawili. Andika majina ya mababu na nyanya wa pande zote mbili. Hao ni wanne. Sasa waandike wazazi wa hao wanne, ambao jumla yao ni wanane. Wengi wetu tuliolelewa mijini hukwama hapo, na aghalabu hukwama kwenye majina ya wanawake kabla ya yale ya wanaume.

Kukwama huko si aibu ya mtu mmoja. Kijana ambaye wazee wake walitoka Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu au Faza huenda leo yuko Mombasa, Nairobi, Jeddah au London. Husikia jina la ukoo likitajwa harusini na matangani, lakini hajui lilianzia kwa nani, wala kwa nini nusu ya jamaa wako Zanzibar na nusu nyingine Malindi. Anapopata hamu ya kuuliza, aliyestahili kuulizwa kesha kutangulia mbele ya haki.

Hata hivyo, visiwa hivi vina bahati ambayo sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazina. Vimeandikwa sana. Wareno waliandika, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wakaandika, na wenyeji wenyewe waliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Zamani, aliyetaka kuviona vitabu hivyo ilimbidi awe na nauli ya kwenda Ulaya. Leo vingi vimepigwa picha ukurasa baada ya ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti, na mtambo waweza kupekua maneno yaliyomo kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Je, unaanzia wapi? Na ukipata jina la mzee wako, utajuaje kwamba ni yeye?

KITABU KILICHOPOTEA WITU

Kabla ya kushika simu, sikiliza kisa cha kitabu kimoja, kwani kina somo kwa kila mwenye kutafuta asili yake.

Watawala wa Pate wa ukoo wa Nabhani walikuwa na tarikh yao, habari za wafalme mmoja baada ya mwingine. Nguvu za Pate zilipokwisha, jamaa wa ukoo huo walihamia bara na kuweka makao yao Witu. Mtawala wao mashuhuri huko alikuwa Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba. Mwaka 1885 aliingia katika himaya ya Wajerumani. Mnamo Julai 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza eneo hilo kwa mkataba. Miezi michache baadaye Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi Oktoba 1890 majeshi ya Uingereza yakaupiga mji na kuuteketeza. Inasimuliwa kwamba nakala ya asili ya tarikh ya Pate ilipotea katika msiba huo.

Basi habari hizo zilitufikiaje sisi? Zilitufikia kwa sababu alikuwapo mzee aliyezijua kwa moyo. Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, mtu wa ukoo huo huo wa Nabhani, alizisimulia na wengine wakaziandika. Ofisa wa Kiingereza, C. H. Stigand, alitia simulizi hiyo katika kitabu chake kiitwacho The Land of Zinj, kilichochapishwa mwaka 1913. Mwanazuoni Alice Werner alitoa nakala ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika jarida moja la London kati ya mwaka 1914 na 1915. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alichapisha nakala nyingine kutokana na hati nne zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Umeona mwendo wake, msomaji? Karatasi ilipoungua, kumbukumbu ya mzee iliiokoa. Mzee alipofariki, karatasi iliokoa kumbukumbu yake. Na sasa kitabu cha Stigand chaweza kusomwa chote bila malipo kwenye intaneti. Atafutaye asili ya ukoo wake hana budi kuvitumia vyote viwili, kinywa cha mzee na ukurasa wa kitabu, na kukipima kimoja kwa kingine.

ANZA KWA MZEE

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, haiko kwenye simu. Iko kwenye baraza la nyumba ya mzee wako. Nenda kwa adabu, mpe shikamoo, na usimwulize swali pana kama vile "Hebu nieleze historia ya ukoo wetu." Swali hilo humchosha. Muulize mambo madogo madogo ambayo baadaye yatakuwa funguo zako.

Muulize jina kamili la baba yake na la babu yake. Muulize lakabu zao, kwa maana wengi walijulikana kwa lakabu kuliko kwa jina. Muulize walikaa mji gani na mtaa gani. Kwa Amu, kwa mfano, ni muhimu kujua kama nyumba ilikuwa Mkomani au Langoni. Muulize walifanya kazi gani: nahodha, fundi wa madau, mchonga milango, mwalimu wa chuoni, mkulima wa bara au mvuvi. Muulize walisali msikiti gani, walizikwa wapi, na walioana na watu wa mji upi. Kisha muulize majina ya akina mama, mmoja mmoja, wala usiondoke hadi umeyapata.

Miaka nayo isikutishe. Mzee aweza asijue mwaka aliozaliwa baba yake, lakini atajua kama ilikuwa kabla au baada ya vita fulani. Vita vya Shela vilipiganwa mnamo mwaka 1812 au 1813. Witu ilipigwa 1890. Vita Vikuu vya kwanza vilianza 1914. Vita vya Shifta, vilivyowafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara ya kaskazini, vilikuwa kati ya 1963 na 1967. Weka kila jina karibu na tukio, nawe utakuwa na makadirio ya kutosha.

Huenda pia mzee akakuonyesha msahafu wa zamani au hati yenye mwaka wa Hijria. Kuna hesabu nyepesi ya kuugeuza. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1308 wa Hijria, kwa mfano, utakupa 1890 na kitu, na ndivyo ilivyo, kwani ulianza mwezi Agosti 1890. Hesabu hiyo yaweza kukosea kwa mwaka mmoja hivi, lakini kwa kazi yako yatosha.

JINA MOJA, SURA NYINGI

Sasa shika simu au keti mbele ya kompyuta. Ukiandika jina la babu yako kama unavyoliandika wewe, huenda usipate kitu. Usikate tamaa. Wageni walioandika majina ya Pwani waliyaandika kama masikio yao yalivyoyasikia, na kila taifa lilikuwa na masikio yake.

Chukua jina Mohamed. Vitabu vya zamani vitakuwa na Muhammad, Mahomed, Mahomet, Muhamadi na hata Mhamadi. Athman atakuwa Othman, Uthman, Osman au Athumani. Abubakar atakuwa Abu Bakr, Aboobaker au Bakari. Neno "bin" nalo laweza kuwa "ben", "ibn" au herufi moja tu yenye nukta. Kwa wanawake tafuta "binti" na "bint".

Majina ya miji yana visa vyake pia. Lamu iliandikwa Lamoo na wakati mwingine Amu. Pate iliandikwa Patta na Patte. Siyu mara nyingi ni Siu. Shela imeandikwa Shella. Faza, ambayo wenyeji huiita pia Rasini, utaikuta katika habari za Wareno kwa jina la Ampaza. Kwa jina hilo ndipo utakaposoma jinsi Wareno walivyoushambulia na kuuharibu mji huo mwaka 1587. Wajerumani wa karne ya 19 waliandika Suaheli pale Waingereza walipoandika Swahili au Suahili.

Na usiandike "Pate" peke yake. Mtambo utakuletea mapishi ya Kifaransa ya maini yaliyosagwa, na vitabu vya kale vya Kiingereza ambamo neno hilo lina maana ya utosi wa kichwa. Liandike pamoja na neno jingine litakalolifunga, kama vile Lamu, Siu, Zanzibar au Nabhani.

Kuna jambo jingine. Mtambo hausomi kitabu kama mimi na wewe. Husoma picha ya ukurasa na kukisia herufi. Wino ukififia au karatasi ikiwa na doa, herufi y yaweza kusomwa v, na jina la babu yako likapotea ingawa limo. Kwa hiyo jaribu kila sura ya jina. Na ukipata kitabu kinachohusu mji wenu, kisome ukurasa kwa ukurasa hata kama mtambo umesema hakuna kitu.

MAHALI PA KUTAFUTIA

Zipo hazina kubwa tatu unazopaswa kuzijua. Ya kwanza ni Google Books, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo imekwisha piga picha vitabu zaidi ya milioni 40. Ya pili ni Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ambako vitabu vingi vya zamani vyaweza kusomwa vyote na kuhifadhiwa kwenye simu yako. Ya tatu ni HathiTrust, iliyoanzishwa mwaka 2008 na maktaba za vyuo vikuu vya Marekani.

Katika kisanduku cha kutafutia, tia jina zima ndani ya alama za kunukuu ili mtambo uyatafute maneno hayo yakiwa pamoja. Kisha ongeza jina la mji nje ya alama hizo. Ukipata majibu mengi mno, punguza kwa kutaja miaka, kwa mfano kutoka 1880 hadi 1920.

Vitabu havitafunguka sawasawa. Kwa sheria ya Marekani, kitabu kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kwa kawaida huwa huru, nacho waweza kukisoma chote. Kwa kuwa sheria za nchi hazifanani, vingine hufunguka Marekani na visifunguke Kenya. Vilivyo vipya zaidi hukuonyesha mistari michache tu. Usiidharau mistari hiyo. Itakuambia kwamba jina ulitafutalo limo katika ukurasa fulani wa kitabu fulani, na hapo kazi ya mtambo imekwisha. Andika jina la kitabu na nambari ya ukurasa, kisha nenda maktaba. Pwani ipo maktaba ndani ya Ngome ya Lamu na nyingine Fort Jesus, Mombasa. Nairobi kuna maktaba za vyuo vikuu na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Baadhi ya vitabu utakavyovikuta kwa njia hiyo ni kile cha Marguerite Ylvisaker cha mwaka 1979 kuhusu ardhi, biashara na siasa za Lamu katika karne ya 19, cha A. H. J. Prins cha 1965 kuhusu mabaharia na vyombo vya Lamu, na cha Patricia Romero cha 1997 kuhusu historia na familia za mji huo. Mwenye babu aliyekuwa nahodha aanze kwa Prins. Mwenye babu aliyekuwa na shamba bara aanze kwa Ylvisaker.

Wala usiwasahau waandishi wa kwetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, na kazi zake zimehifadhiwa London na Hamburg. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima juu yake. Kadhalika hati za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa Lamu na Habib Swaleh, zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hati za aina hiyo mara nyingi huwa na maneno pembeni: nani alinakili, nani alimiliki, na nani alitoa wakfu. Mstari mmoja wa wakfu waweza kukupa jina, jina la baba na mwaka kwa pamoja.

GAZETI RASMI LA SERIKALI

Wengi wetu tunapotafuta wazee huwaza vitabu vya historia tu. Lakini mtu wa kawaida hakuandikwa katika historia. Aliandikwa katika karatasi za serikali.

Gazeti Rasmi, lile tunaloliita leo Kenya Gazette, lilianza mwaka 1899 wakati nchi ingali himaya ya Uingereza. Matoleo yake mengi yamo katika Google Books na yasomeka yote bila malipo. Humo mna notisi za uteuzi wa maliwali, makadhi na mamudiri, notisi za mirathi ya marehemu, na notisi za ardhi. Ni kurasa kavu zisizo na hadithi, lakini zina kitu ambacho hadithi hazina: tarehe.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa mchezo wa wakati wa likizo. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika Pwani apeleke dai lake kwa msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Familia iliyopeleka dai ilipata karatasi. Ile ambayo habari hazikuifikia, au iliyodhani kwamba shamba la babu halihitaji karatasi, ilijikuta baadaye ikiitwa maskwota mahali ilipopanda minazi. Na tangu mradi wa bandari mpya ya Lamu ulipozinduliwa mwezi Machi 2012, na gati lake la kwanza kufunguliwa mwezi Mei 2021, ardhi ambayo haikuwa na bei imekuwa na bei.

Kwa hiyo ukilikuta jina la mzee wako katika notisi ya ardhi ya miaka ile, moyo utaruka. Tulia. Notisi si hati ya kumiliki. Yaweza kuwa ni dai tu, na dai huenda lilikubaliwa au lilikataliwa. Picha uliyopiga kwenye simu haitoshi kumpelekea hakimu, wala kumtoa mtu katika nyumba yake. Andika tarehe ya toleo, nambari ya notisi na ukurasa, kisha uende kwa msajili wa ardhi na kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ukatafute faili lenyewe. Familia nzima ikae pamoja kabla ya yeyote kwenda kwa wakili. Karatasi moja iliyofichwa na ndugu mmoja imevunja nyumba nyingi kuliko kukosekana kwa karatasi.

USIAMINI KILA UKURASA

Kuna vijana ambao wakiona jambo limechapwa kwa Kiingereza huliona kuwa kweli kuliko neno la nyanya yao. Hilo ni kosa. Kitabu nacho kina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na shabaha yake.

Turudi kwa tarikh ya Pate. Inasema kwamba ukoo wa Nabhani ulianza kutawala Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Mwaka 1969 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliandika kwamba sehemu za mwanzo za tarikh hiyo haziwezi kutegemewa, na kwamba utawala wa Nabhani ni wa baadaye sana. Nakala mbalimbali za tarikh hiyo nazo hazikubaliani katika kila jina na kila mwaka. Si kwamba Bwana Kitini alikuwa mwongo. Tarikh ya wafalme husimuliwa ili kuonyesha haki ya wafalme, na kadiri asili inavyokuwa ya kale ndivyo haki inavyoonekana kubwa. Ripoti za maofisa wa Kiingereza juu ya Witu nazo ziliandikwa na wale walioichoma Witu. Kila moja isome ukiuliza: nani anasema, na anataka nini?

Halafu kuna mtego wa majina. Katika miji yetu mjukuu hupewa jina la babu, na huyo naye humpa mjukuu wake. Mohamed bin Ahmed aweza kuwa mtu wa mwaka 1850, wa 1900 na wa 1950. Usimdai mtu kuwa babu yako kwa sababu ya jina pekee. Jiwekee sharti la mashahidi watatu: jina, mahali na wakati. Wawili wakikubali na wa tatu akikataa, mwandike pembeni kwa penseli na uendelee kutafuta.

WASIOANDIKWA

Hebu tutazame tena ile karatasi ya majina wanane. Utaona kwamba vitabu vitakusaidia kwa wanaume wenye cheo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wanawake wametajwa kwa uchache. Wa kipekee ni Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Twamjua yeye na binti yake Mwana Hashima kwa sababu aliandika mwenyewe. Mwaka 1858 alimtungia binti huyo utenzi wa wosia, na Alice Werner akauchapisha mwaka 1917. Mama zetu wengine, ambao hawakuacha utenzi, wamo katika vinywa vya wajukuu tu.

Wapo pia wale walioletwa visiwani bila hiari yao. "Mwacha mila ni mtumwa," walinena wahenga, na hapa Pwani methali hiyo ina mwiba. Wako wengi ambao hawakuziacha mila zao, bali walinyang'anywa. Mashamba ya bara yaliyotajirisha Lamu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa hadi mwaka 1907. Hao waliandikwa kwa jina moja walilopewa na bwana, bila jina la baba wala kijiji, na mara nyingi hawakuandikwa kabisa. Vitabu vya Frederick Cooper vya 1977 na 1980, na cha Fred Morton cha 1990, vitakueleza maisha yao. Ukitaka kusikia mambo kama haya kwa Kiswahili, kipo kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotolewa mwaka 1991, ambamo wanawake watatu wa Mombasa, wa tabaka mbalimbali, wanasimulia maisha yao wenyewe.

Jiandae, basi. Aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ukoo wake wote ulitoka Arabuni aweza kumkuta bibi aliyetoka bara kwa njia ya uchungu. Aliyedharauliwa kwa asili yake aweza kugundua kwamba damu yake na ya aliyemdharau ni moja. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Aliyetendewa dhuluma si mwenye aibu. Lakini heshima ni lazima. Ukikuta siri ya nyumba nyingine, usiipeleke barazani wala usiitume kwenye makundi ya simu. Hiyo si yako.

UKISHAPATA

Mwisho, usimalize kazi kwa kujifurahisha peke yako. Chapa kurasa ulizozipata, mrudie mzee, na umsomee kwa sauti. Mtafsirie ikiwa ni Kiingereza au Kijerumani. Hapo ndipo utakaposikia maneno ambayo hakuyasema mara ya kwanza: "Aa, huyo siye. Huyo ni binamu yake, aliyehamia Kiunga." Kwa sentensi hiyo moja mzee atakuwa amesahihisha kitabu, na kitabu kitakuwa kimemkumbusha mzee.

Mrekodi sauti kwa ruhusa yake. Andika daftari moja lenye jina la kila mtu, mahali pake, wakati wake, na mahali ulipoipata habari hiyo, iwe ni kinywa cha mzee au ukurasa wa kitabu. Toa nakala tatu, moja ibaki kwako, moja kwa ndugu aliye mbali, na moja kwa mdogo kuliko wote anayejua kusoma. Wapate walipoteza kitabu chao kwa moto wa siku moja, na aliyewaokoa ni mtu mmoja aliyekuwa bado anakumbuka.

Shule zitafunga na watoto watakuwa na simu mikononi. Wape kazi hii. Lakini waambie waanze kwa kumpigia mzee simu leo hii kabla ya kufungua ukurasa wowote. Kitabu kimengoja miaka 100 na kitangoja tena. Mzee huenda asingoje.